Majaji watauliza: mlijuaje?

Ukitaka kujua namna tunavyoielewa sayansi hapa nchini, tembelea sekondari yoyote wiki moja kabla ya maonyesho ya sayansi. Utakuta karatasi za manila zimetandazwa sakafuni, makopo ya rangi, gundi, mikasi, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ameinama anachora herufi kubwa za kichwa cha mradi. Mwenzake anazunguka uwanjani na karatasi mkononi, anakariri aya tatu za Kiingereza kama mtu anayejiandaa kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Sare zinafuliwa na kupigwa pasi. Mwalimu anahangaika na nauli. Kila mtu ana shughuli. Kitu kimoja tu hakifanyiki: hakuna anayewauliza wale wanafunzi maswali.

Na jaji akifika, kazi yake ni hiyo hiyo moja. Kuuliza.

Nayasema haya kwa sababu mwenzenu nimekuwa jaji wa bandia kwa Jumamosi kadhaa mfululizo hapa Dodoma. Mwalimu mmoja wa kemia, tuliyesoma naye chuo, aliniambia: "Bwana, wewe kazi yako ni kubana watu kwa maswali. Njoo uwabane wanafunzi wangu kabla hawajabanwa na majaji wenyewe." Nikaenda. Nikakuta wasichana wawili wa kidato cha tatu, chupa za jemu zilizooshwa zikang'aa, pakiti ya chumvi na mfuko wa mahindi.

Kwa wasiofahamu, mashindano ya namna hii yana historia yake. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry kutoka Ireland, na maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mfano ulitoka Ireland, ambako wanafizikia wawili, Tom Burke na Tony Scott, walianzisha maonyesho ya vijana mwaka 1965 baada ya kuona kitu kama hicho Marekani. Utaratibu ni rahisi kuueleza. Wanafunzi wanachagua tatizo, wanalichunguza, wanaweka matokeo kwenye bango, kisha wanasimama mbele ya bango lao na kujibu maswali. Hapo kwenye kusimama na kujibu ndipo penye mtihani wenyewe, maana ni maswali ambayo hakuna aliyeyaandika ubaoni kabla.

Wasichana wetu walichagua sumukuvu. Hawakulitoa jambo hilo kitabuni. Katikati ya mwaka 2016 watu wa vijiji kadhaa vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua: kutapika, matumbo kujaa, macho kugeuka njano. Wagonjwa 68 walirekodiwa, na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu na kujaa sumu. Majirani zetu wa Kenya walishapita humo mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, ambako wagonjwa walifika 317 na waliofariki 125. Mmoja wa wasichana hawa kwao ni upande wa Chemba. Mwaka ule alikuwa mtoto mdogo, lakini anakumbuka watu wazima walivyokuwa wakiyaangalia mahindi ya ndani kwa macho ya wasiwasi, huku chakula kingine hakuna.

Mradi wao ulikuwa hivi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, yenye kifuniko. Unaweka chumvi kavu, unaongeza mahindi, unafunga. Unatikisa kwa dakika moja, unaiacha itulie kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isiponata, yamekauka. Si uvumbuzi wao, na wala hawakudai hivyo. Ni njia ya zamani ambayo maofisa ugani huifundisha wakulima wasio na mashine ya kupimia unyevu. Wao walitaka kujua kama inafanya kazi kwa mahindi ya huku kwetu, mikononi mwa mama asiyekuwa na mizani.

Safi kabisa. Sasa angalia bango. Juu, kwa herufi nyekundu zilizopambwa, liliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana hii: "Kutambua na kuzuia sumukuvu kwa kutumia chumvi ya mezani."

Nikauliza swali langu la kwanza, kwa sauti ya upole kabisa: "Mlijuaje kwamba mahindi haya yana sumukuvu?"

Kimya. Wakatazamana. Mmoja akaanza ile aya aliyokariri, kwamba sumukuvu hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, kwamba hushambulia ini... Nikamwacha amalize, nikarudia swali. "Mlijuaje?"

"Kaka, sisi tumepima unyevu," akasema mwenzake, polepole, kama anayekiri kosa. Nikamwambia hilo si kosa, hilo ndilo jibu. Kilichokosewa ni kichwa cha habari.

Hapo ndipo mimi na Mwalimu tulipoanza kubishana, na ubishi wetu uliendelea hadi kwenye chai. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema majaji wana miradi mingi ya kupitia, bango lisilo na kishindo linapitwa. Sumukuvu inashtua, unyevu haumshtui mtu. Akasema pia, na hili ni kweli, kwamba mahindi mabichi ndiyo yanayoota kuvu ghalani, kwa hiyo anayepima unyevu anapigana na sumukuvu kwa njia ya kuzunguka.

Ni kweli, lakini kuzunguka huko kuna mashimo. Kuvu hawa hawasubiri ghala. Wanaweza kulivamia hindi likiwa bado shambani, hasa mmea ukiteswa na ukame na joto, na ukame ndio ada ya uwanda huu wa kati wenye msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Maana yake hindi linaweza kuingia ndani likiwa limekauka kama jiwe, chumvi isinate hata chembe, na sumu ikawa imo tayari. Na sumu yenyewe haiondoki kwa kupikwa ugali kama kawaida. Kiwango kinachokubalika nchini kwetu ni sehemu 10 tu katika bilioni kwa sumukuvu zote kwa jumla. Hicho hupimwa maabara, hakuna chupa ya jemu inayoweza kukiona.

Fikiria basi mama anayeona lile bango. Anarudi nyumbani, anatikisa chupa, chumvi haikunata, anasema alhamdulillahi mahindi yangu hayana sumu, anasonga ugali. Nani amemdanganya? Wasichana wawili wenye nia njema kabisa na herufi nyekundu. Ndiyo maana sikukubali kwamba hili ni suala la maneno tu.

Tuliacha ubishi, tukawauliza wenye mradi. Wakaomba wakafikirie. Jumamosi iliyofuata kichwa kilikuwa kimebadilika kuwa swali: je, chumvi na chupa vinaweza kumwonyesha mkulima mahindi ambayo hayajakauka vya kutosha kuwekwa ghalani? Ni kirefu, hakina kishindo, na kila neno lake wanaweza kulitetea.

Kubadili kichwa kulileta kazi mpya. Ukiuliza swali hilo unahitaji kipimo kingine cha kulinganisha nacho. Mwalimu akamkumbuka mzee mmoja anayenunua mahindi soko la Kibaigwa, mwenye kipima unyevu cha mkononi. Wakakusanya sampuli 24 kutoka nyumba mbalimbali wakati wa mavuno, wakazifunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, wakazipa namba. Chupa walitikisa wao bila kujua mashine ingesemaje. Mzee naye alipima bila kujua chupa imesema nini. Wazo hilo la kila upande kutojua lilikuwa lao wenyewe. Yule wa Chemba alisema hivi: "Tukijua jibu kwanza, tutaiona chumvi imenata hata kama haijanata." Nilitamani wahariri wangu wamsikie.

Matokeo yakawa haya. Mashine ilionyesha sampuli 9 zina unyevu zaidi ya asilimia 15, na chupa ilizikamata 8. Sampuli 15 zilizobaki zilikuwa chini ya asilimia 15. Chupa ilizisema kavu 13, na 2 ikazionea kwa kuziita mbichi. Kwa chupa ya jemu na chumvi ya dukani, mbona si haba? Shangwe zikapigwa.

Shangwe zilipotulia niliuliza tena kama jaji: kwa nini asilimia 15? Kwa nini si 10, au 20? Hapa walihitaji siku mbili na vitabu vya Mwalimu, lakini walirudi na maelezo ambayo naweza kuwasimulia hata mimi niliyesoma sanaa. Chumvi haianzi kuvuta maji hewani ovyo. Inasubiri mpaka unyevu wa hewa inayoizunguka ufike karibu asilimia 75, ndipo inapoanza kulowa na kunata. Ndani ya chupa iliyofungwa, mahindi yanatoa unyevu wake kwenye ile hewa kidogo iliyobanwa. Yakiwa na maji ya asilimia 15 hivi, hewa inakaribia mpaka huo. Kwa hiyo chumvi ni kama mlinzi wa getini ambaye hajui kuhesabu, anajua mstari mmoja tu, na aliyeuchora mstari ule ni asili yenyewe.

Lakini mahindi ya kukaa miezi ghalani yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5 au chini ya hapo. Wakarudi kwenye daftari. Katika sampuli 14 ambazo chupa ilizisema kavu, 5 zilikuwa bado juu ya 13.5. Yaani mlinzi wetu amewapitisha watu watano ambao hawakupaswa kuingia.

Chumba kizima kikapoa. Kuna mtu (sitasema nani, ila si mwanafunzi) alipendekeza kwamba kwa vile swali ni la asilimia 15, hakuna ulazima wa kuitaja hiyo 13.5 kwenye bango. Majaji wasipoiuliza, basi.

Nikamkumbuka Erasto Mpemba, nikawasimulia.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu kama wao, Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa waliyochemsha na sukari. Siku moja, akiogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza yake bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alifanyiwa utani darasani kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia nzima. Lakini Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam alipotembelea shule ile, kijana alisimama akauliza swali lake mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka: maji ya ujazo ule ule, haya nyuzi 35, haya nyuzi 100, kwa nini yale ya moto yanaganda kwanza? Osborne akarudi Dar, akaagiza yapimwe. Mwaka 1969 majina yao wawili yakatoka pamoja kwenye jarida la Physics Education.

Kuna kipande cha kisa hicho ninachokipenda kuliko vyote. Osborne alieleza kwamba fundi wa maabara alimletea taarifa kuwa maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, kisha akaahidi ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Teh! Wasichana walicheka sana. Kisha wakaacha kucheka, maana wote tulielewa ni nani anayesemwa.

Na msidhani Mpemba alishinda moja kwa moja. Hadi leo wanasayansi wanabishana. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia majaribio na kutangaza kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Wengine wanaendelea kulitafuta. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu yule kijana alisema wazi alichofanya: kiasi gani, nyuzi ngapi, chombo gani. Angesema tu "maji ya moto ni ya ajabu", tusingekuwa tunamtaja.

Kama mfano wa mtoto wa shule hautoshi, uko wa wakubwa, na uko humu humu mkoani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga, kitovu chake cha kwanza kikiwa Kongwa. Walitaka mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyotoka vitani. Ujumbe wa wataalamu uliizunguka Tanganyika kwa wiki chache mwaka 1946, ukaandika ripoti ya kupendeza, fedha zikatoka. Kisha udongo wa Kongwa ukakauka mpaka karanga hazing'oleki, na mvua ikafanya vile inavyofanya Ugogoni miaka yote. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Walikuwa na matrekta, majenerali wastaafu na digrii za kutosha. Aliyekosekana ni jaji wa kusimama mbele ya bango lao na kuuliza: mvua mmeipima kwa miaka mingapi? Udongo huu mmeulima wakati wa kiangazi?

Basi zile sampuli 5 zikaingia kwenye bango. Tena zikapewa jedwali lake, na chini yake sentensi moja: chumvi ikinata, usiweke ghalani, isiponata, anika tena siku kadhaa kabla ya kuhifadhi. Ukiangalia vizuri, hicho ndicho kitu chenye manufaa kuliko vyote walivyogundua, na walikaribia kukificha.

Neno kidogo kuhusu lugha, maana nalo ni sehemu ya maandalizi. Watoto wetu wanasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na wengi wakiulizwa swali gumu kwa Kiingereza wanakimbilia sentensi waliyokariri kwa sababu ndiyo pekee wanayoiamini. Tulichofanya ni hiki: kila swali lilijibiwa kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo bibi angeyaelewa. Likishaeleweka hivyo ndipo lilipohamishiwa kwenye Kiingereza, kwa sentensi fupi, hata kama sarufi inachechemea. Risala tuliitupa. Daftari la mradi likakaa mezani, na makosa yake, na siku ile mvua ilipolowesha sampuli mbili ikabidi zichukuliwe upya. Jaji akiona daftari safi mno anashtuka. Mimi ningeshtuka.

Siku ya majaji sikuwepo, nilikuwa kwenye kazi za gazeti. Walinisimulia kwa simu ya Mwalimu, wakinyang'anyana. Jaji mmoja mama aliangalia bango kwa muda, akaweka kidole kwenye lile jedwali la sampuli 5, akauliza: "Hapa chupa yenu imeshindwa. Kwa nini mmeliweka?" Yule wa Chemba akajibu kwamba wameliweka kwa sababu mkulima akiliamini chumvi peke yake ataharibikiwa. Jaji akaandika kitu. Walipata nafasi ya tatu, si ya kwanza. Mwalimu bado anaamini zile herufi nyekundu zingewafikisha mbali zaidi, na huenda ana haki, mashindano ni mashindano.

Lakini nina habari nyingine iliyonifikia baada ya hapo, na kwangu ndiyo tuzo. Yule binti alikwenda likizo na chupa yake. Mama yake akaitikisa, akaona chumvi imetulia, akauliza: "Kwa hiyo haya hayana sumu, mwanangu?"

Akajibu: "Hapana mama. Hii inapima unyevu tu, sumu haiioni. Tuyaanike tena, na yale yaliyobadilika rangi tuyatoe."

Wakatandika turubai.